Wauza chakula, pigeni picha sahani zenu wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye biashara ndogo za chakula, na pia na wanaowatengenezea menyu. Kazi yangu ni kupanga kurasa na kuandaa kazi za kuchapa. Menyu za picha ni sehemu kubwa ya yanayopita mezani kwangu, na kuna jambo linajirudia kiasi kwamba nimeona nisilinyamazie tena. Mwenye mgahawa ananiletea majina ya vyakula na bei, kila kitu kimeandikwa vizuri, kisha ananiambia: "Picha utazitafuta hukohuko kwenye intaneti."

Hukohuko kwenye intaneti chakula chake hakipo. Kilichopo ni sahani ya mtu mwingine, iliyopikwa na mpishi mwingine, ikapambwa na fundi wa kupamba vyakula na kumulikwa kwa taa za studio. Jina linaweza kuwa lilelile, lakini kipande cha nyama ni kikubwa mara mbili, mchuzi una rangi nyingine, na bakuli ni la aina ambayo mgahawa huu haujawahi kuwa nayo. Mteja anapoweka kidole juu ya picha, haagizi jina, anaagiza kile anachokiona pale. Kikiletwa kingine, hata kiwe kitamu namna gani, anaanza kula akiwa ameshapunjwa machoni.

Namfahamu mpishi mmoja, mama mtulivu mwenye mkono mzuri jikoni, aliyechapiwa menyu ya picha za kuokota. Wateja wapya wakawa wanamuuliza, "Mama, mbona hiki siyo kile?" Mchuzi wake ulikuwa mzito, umeiva, umetulia, wenye rangi ya kahawia kama unavyotakiwa kuwa. Ule wa pichani ulikuwa mwekundu unaong'aa. Baada ya muda akaanza kutia rangi kwenye chakula ili kifanane na karatasi. Jambo hilo liliniuma sana. Miaka yote ile ya kujua moto na chumvi, halafu karatasi ndiyo inamfundisha kupika.

Tulimtengenezea menyu nyingine, picha zikapigwa hapohapo kwake, kwenye sahani zake mwenyewe. Mchuzi wa kahawia ukaonekana ni wa kahawia. Anayeutaka anauagiza, asiyeutaka anachagua kingine, na hakuna anayeuliza swali lile tena.

Kuna na upande wa haki. Picha iliyoko intaneti ina mwenyewe. Mkataba wa Bern, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, unatambuliwa na nchi zaidi ya 170, na chini yake aliyepiga picha halazimiki kuisajili popote ili ilindwe. Kuikuta kwenye matokeo ya utafutaji hakuifanyi iwe ya kila mtu. Zipo picha ambazo wenyewe wameruhusu zitumike bure, na kisheria hizo hazina tatizo. Tatizo langu nazo ni lile la mwanzo: chakula kilichomo si chako.

Wengine hunijibu kwamba picha zote za chakula ni za kupamba tu, na kila mtu anajua. Sikubaliani nao. Marekani suala hili lilifika mbele ya Tume ya Shirikisho ya Biashara mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika matangazo ya supu ya Campbell, gololi za kioo zilikuwa zimetandazwa chini ya bakuli ili vipande vya mboga na nyama visizame, vibaki juu, na bakuli lionekane limejaa. Kesi iliisha mwaka 1970 kwa amri ya kuizuia kampuni kutangaza kwa njia hiyo. Ninachotaka wasomaji wakitazame hapo ni hiki: supu ilikuwa supu kweli, mboga zilikuwa mboga kweli, na zilitoka kwenye kopo lilelile. Mpangilio peke yake ndio uliodanganya. Ikiwa chakula halisi kwenye bakuli halisi kinaweza kumdanganya mtu kwa sababu ya gololi, tusemeje kuhusu picha ya chakula ambacho hakijawahi kupikwa jikoni kwako?

Na sasa tumefika mbali zaidi. Mtu anaandika sentensi moja kwenye programu ya akili mnemba na kupewa picha ya sahani ambayo haijawahi kupikwa jikoni kokote duniani. Mvuke umechorwa, mafuta yanameta, majani yamepangwa moja moja. Nimeletewa picha za namna hiyo na nimezikataa kwa menyu. Kwenye bango la salamu za sikukuu sina neno. Kwenye menyu, mtu anatoa hela yake kwa kile kilichoko pichani.

Nawaomba wenye migahawa wamfikirie mteja anayeihitaji picha kuliko wengine wote. Kwa takwimu za UNESCO, watu wazima zaidi ya milioni 700 duniani hawajui kusoma na kuandika. Ongeza mgeni asiyejua lugha ya mahali, kiziwi anayehudumiwa na mtu asiyejua lugha ya alama, mzee aliyesahau miwani nyumbani, mtoto aliyetumwa kununua chakula. Wengi wa hawa hawawezi kutegemea jina la chakula wala maelezo yaliyo chini yake. Wana picha tu. Anayesoma akidanganywa na picha, anaweza kurudi kwenye maandishi na kuona kwamba hakuahidiwa kitu fulani. Asiyesoma hana pa kurudi.

Wajapani walilielewa hili mapema. Mwaka 1932, Takizo Iwasaki, mzaliwa wa mji wa Gujo Hachiman, alianzisha huko Osaka biashara ya kutengeneza sampuli za vyakula kwa nta, za kuwekwa kwenye kabati la kioo mbele ya mgahawa. Siku hizi zinatengenezwa kwa plastiki, na kwa kawaida mgahawa unaotaka sampuli zake humpelekea fundi chakula chake halisi, naye huchukua umbo la kipande kwa kipande. Sampuli inafuata jiko. Anayepita nje anaona ukubwa wa bakuli, idadi ya vipande, hata unene wa mchuzi, kabla hajavuka mlango. Menyu ya picha inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo mno, na simu nyingi zilizoko mifukoni mwa watu leo zinatosha kwa kazi hii.

Nieleze basi namna tunavyofanya, maana wengi wanaogopa kwa kudhani inahitaji vifaa.

Chagua saa ambayo jiko halijazidiwa. Mwambie mpishi apakue kama anavyompakulia mteja yeyote, kwa upawa uleule, kwenye sahani ileile. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mpishi akijua kuna picha, mkono wake huongezeka wenyewe: kipande cha ziada, jani la kijani ambalo siku nyingine halipo, ukingo wa sahani umefutwa mpaka unang'aa. Kufuta ukingo ni sawa, na ingefaa afanye hivyo kila siku. Kipande cha ziada kirudi sufuriani. Jani nalo, kama mteja hataletewa jani, litoke.

Peleka meza karibu na dirisha na uzime taa. Watu wengi hushangaa nikiwaambia wazime taa ili wapate picha nzuri. Mwanga wa mchana na mwanga wa balbu ya manjano havina rangi moja. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, wa mchana hukaa karibu na 5500, wa balbu nyingi za nyumbani kati ya 2700 na 3000. Macho yetu huvizoea vyote viwili bila sisi kujua, lakini kamera inachagua weupe mmoja tu. Vikichanganyika, upande mmoja wa sahani unakuwa wa manjano na mwingine wa bluu, na wali mweupe unaonekana umelala tangu jana. Hakuna marekebisho ya baadaye yanayoitengeneza vizuri picha ya namna hiyo. Nimejaribu na nimeona wenye ujuzi kunizidi wakijaribu. Zima taa, ubaki na dirisha.

Jua likiingia moja kwa moja, tundika kitambaa chepesi cheupe, kwani jua kali hutengeneza vivuli vyeusi na kuunguza sehemu nyeupe. Mwanga uje kutoka ubavuni mwa sahani, au nyuma yake kidogo kwa pembeni. Ukipita hivyo unaonyesha mng'ao wa mchuzi, ukavu wa kitu kilichokaangwa, matundu ya mkate. Fleshi ya simu hutoka mbele, inapiga chakula usoni na kukifuta maumbo yote hayo, kisha inaacha doa jeupe la mafuta katikati. Upande ulio mbali na dirisha simamisha kadi nyeupe, hata kipande cha boksi kilichofunikwa kwa karatasi nyeupe, kirudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Vifaa vya studio yetu vinaishia hapo.

Futa lenzi ya simu. Inakaa mfukoni na mikononi, na ina mafuta ya vidole muda wote. Picha nyingi zenye ukungu ninazoletewa hazina kosa jingine.

Kisha usiisogelee sahani mno. Lenzi ya kawaida ya simu inaona eneo pana, na ukiikaribia sahani, kilicho mbele kinavimba na kilicho nyuma kinasinyaa. Bakuli la mviringo linakuwa yai. Rudi nyuma kidogo, tumia ukuzaji wa mara mbili kama simu yako inao kwenye lenzi yake, bakuli litabaki bakuli. Pembe inategemea chakula chenyewe. Sahani yenye vitu vilivyopangana, ipige kwa mshazari, kama mtu aliyeketi mezani anavyoiona. Kilicho bapa au kilichotandazwa kwenye sinia, simama juu yake uangalie chini moja kwa moja. Glasi ya juisi au mkate wenye tabaka, shuka usawa wake, la sivyo tabaka hazionekani.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Ukiwa na sahani ndogo na sahani kubwa ya chakula kimoja, zipige zote mbili kwa umbali mmoja na pembe moja, na uache kijiko kilekile kando ya kila moja. Menyu nyingi hupiga ndogo kwa karibu na kubwa kwa mbali, zikatoka sawasawa pichani, halafu mteja aliyechagua ndogo analetewa sahani ambayo hakuitegemea. Mpiga picha anadhani amepanga ukurasa ukapendeza. Mteja anadhani ameibiwa. Kijiko kinawaokoa wote wawili, kwa sababu kila mtu anajua ukubwa wa kijiko.

Chakula hakisubiri. Supu ikipoa inaweka utando wa mafuta juu, majani yananyauka, barafu inayeyuka, cha kukaanga kinapoteza mng'ao. Kwa hiyo panga kila kitu kwanza kwa sahani tupu: mahali pa meza, pa kadi, pa kusimama. Kisha chakula kije moto, upige haraka, kiende kuliwa. Kisimwagwe. Kwa kuwa hatukutia gundi wala mafuta ya injini, kama wanavyofanya baadhi ya wapambaji wa matangazo wanapotafuta maziwa yasiyolainisha nafaka na asali isiyonywea, kinaliwa na watu wazima na watoto bila wasiwasi.

Katika kuhariri, nyoosha picha, ikate pembeni, ongeza mwanga kama ni giza, rekebisha weupe mpaka sahani nyeupe ionekane nyeupe. Halafu acha. Vichujio vya simu vyenye alama ya uma na kisu huongeza wekundu na manjano mpaka nyanya inawaka. Ukishaona nyanya inawaka, ujue mchuzi nao umeshabadilika rangi, nasi tumerudi kwenye shida ya yule mama.

Kwa wanaotutumia kazi za kuchapa, nina ombi moja ambalo litatuokolea sote muda: msitume picha kupitia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Inazibana ili zisafiri haraka, na kinachonifikia ni kivuli cha picha uliyopiga. Tuma kama faili, kwa sehemu ileile inayotumika kutuma nyaraka, au kwa barua pepe. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha itakayokuwa na upana wa sentimita 10 kwenye karatasi inahitaji pikseli 1,180 hivi kwa upana. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2,480 kwa 3,508. Simu ya kawaida leo inapiga zaidi ya hapo. Inayozipunguza ni safari ya kuja kwangu.

Rangi nazo hubadilika zikihama kutoka skrini kwenda karatasi. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, na printa kwa wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kuna vijani na vyekundu vikali ambavyo wino huo hauwezi kuvifikia. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchapa nakala zote, chapa ukurasa mmoja wa majaribio, uende nao jikoni, uuweke kando ya sahani halisi mchana. Macho ya mpishi yataona tofauti kabla ya yangu. Wapo wachapaji wanaokwepa hatua hii kwa sababu inarudisha kazi nyuma. Mwenye mgahawa aidai, ni haki yake.

Ukifunika kwa plastiki, plastiki isiyong'aa ni bora. Ile inayong'aa inaakisi taa ya juu ya meza, na mteja anaigeuza menyu huku na huku akitafuta pembe ya kuona picha.

Kuhusu mpangilio, nina maoni ambayo si kila mtaalamu atakubaliana nayo. Si kila chakula kinahitaji picha. Michuzi mitatu ya kahawia kwenye mabakuli matatu yanayofanana haimsaidii mtu kuchagua. Piga mmoja vizuri, mingine itofautishwe kwa maneno, au piga kila mmoja ukionyesha wazi kipande kinachoutofautisha na wenzake. Ukurasa wa A4 wenye picha sita ambazo mtu anaziona akiwa ameketi vizuri unafaa kuliko wenye picha ishirini za kuinamia. Usiandike juu ya chakula. Jina likae chini ya picha yake, karibu kiasi kwamba hakuna anayeweza kudhani ni la picha ya jirani. Meza au kitambaa cha chini kiwe kimoja kwa picha zote, kisicho na maua wala mistari, macho yaende kwenye chakula.

Kila picha iwe na namba kubwa. Hili ningeliweka juu ya mapambo yote. Namba inamwezesha mgeni kuonyesha kwa vidole, kiziwi naye hivyohivyo, na mhudumu anaipeleka jikoni bila kukosea. Nimemwona kiziwi mmoja akiagiza kwa ajili ya meza nzima ya wenzake kwa namba, upesi kuliko sisi tuliokuwa tunaongea, na kila sahani ikafika kwa mwenyewe.

Bei isichapwe ndani ya picha. Iwe kwenye mstari wake, kwenye karatasi nyeupe, ili ikibadilika uweze kuibandikia juu au kuchapa upya ukurasa huo bila kupiga picha tena. Bei zinabadilika mara nyingi kuliko vyakula.

Kuna mambo ambayo picha haiwezi kuyasema hata ikipigwa na nani, na hayo lazima yaandikwe. Karanga zilizosagwa ndani ya mchuzi hazionekani. Maziwa hayaonekani, wala unga wa ngano, wala mafuta yaliyotumika kukaangia samaki kabla. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 iliyoanza kutumika Desemba 13, 2014, unataka mteja aarifiwe kuhusu makundi 14 ya vizio, yaani vitu vinavyowadhuru wenye mzio, hata kwa chakula kisichofungashwa, yakiwemo karanga, maziwa, mayai, samaki, ufuta na nafaka zenye gluteni. Hata pale ambapo sheria haidai hivyo, mwili wa mwenye mzio ni uleule. Alama ndogo chini ya picha zinatosha, ikiwa ufunguo wake uko kwenye ukurasa huohuo.

Alama hizo zitofautiane kwa umbo, siyo kwa rangi peke yake. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, mwanamume mmoja kati ya 12 hivi ana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, na shida hiyo ipo kwa watu wa kila asili kwa viwango tofauti. Nukta nyekundu ya pilipili na nukta ya kijani ya chakula kisicho na nyama, kwake ni nukta mbili tu. India, ambako vyakula vya kufungashwa hubeba alama za namna hii kwa sheria, chakula kisicho na nyama kina duara la kijani ndani ya mraba, na chenye nyama sasa kina pembetatu ya kahawia ndani ya mraba. Asiyeona rangi anasoma umbo.

Naambiwa pia kwamba menyu za karatasi zimepitwa na wakati, mteja askani msimbo wa QR aone picha kwenye simu. Msimbo huo uliobuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri viwandani ni chombo kizuri, na picha kwenye simu zinaweza kubadilishwa bila kuchapa. Wenye kuumudu wautumie. Lakini mgeni asiye na intaneti, mzee asiyejua kuskani, na yule ambaye simu yake imezima wako kundi moja na wale niliowataja mwanzo. Nakala ya karatasi iwepo mezani.

La mwisho ninalotaka kulisema linahusu muda. Menyu ikishachapwa inakaa, na jiko linaendelea kubadilika. Vitu vikipanda bei, wengi hawapandishi bei ya sahani, wanapunguza kipande. Naelewa kwa nini, na simlaumu mtu anayejaribu kubaki na wateja wake. Lakini picha ya zamani inaendelea kuonyesha kipande cha zamani, na kila siku mteja mpya analinganisha. Sahani zikibadilishwa, kipimo kikipunguzwa, mpishi akiondoka na mwingine kuja na mkono wake, picha ya chakula hicho ipigwe tena. Ni kazi ya dakika chache dirishani, na ukurasa mmoja wa kuchapa. Mahali pasipowezekana kwa sasa, afadhali picha hiyo iondolewe na jina libaki peke yake.

Kwa wenzangu wapanga kurasa na wachapaji: mteja akisema tutafute picha intaneti, tumuulize kwanza kama yuko tayari kupiga zake, na tumweleze namna ya kufanya kabla hatujafungua ukurasa wa utafutaji. Wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba inawezekana. Wakiona sahani yao wenyewe imetoka vizuri kwenye karatasi, huishika na kuitazama kwa muda mrefu, na wengine huita jiko zima lije kuona.

Na kwako Mhariri, gazeti lako lina wapiga picha wanaoujua mwanga kuliko sisi sote. Naomba mmoja wao apewe nafasi, hata nusu ukurasa, awaonyeshe wauza chakula kwa picha mbili: sahani ileile, simu ileile, moja chini ya balbu na nyingine kando ya dirisha. Nitaikata hiyo nusu ukurasa niibandike ukutani pale ninapopokelea wateja.

Wako msomaji,
Mpanga kurasa na mwandaaji wa menyu